Wanjiapanda wa Kitabu cha Tatu

Mjukuu wangu alirudi kutoka shule ameificha miwani yake ndani ya soksi, nikajua papo hapo kwamba kuna mtu wa kugombana naye. Nilichokuwa sijakijua ni nani.

Mtoto huyu tunamwita Kibiriti, kwa kuwa ni mdogo na mkimya mpaka umsugue. Yuko darasa la nne. Ana makengeza kama mimi bibi yake. Mama yake, binti yangu wa pekee, hana; yalimruka yeye kama mbuzi anavyoruka ukuta, yakatua kwa mtoto. Jicho la kulia linakutazama wewe, la kushoto lina shughuli zake. Daktari amempa miwani ya kulivuta polepole, na kila baada ya muda anarudi kliniki kupimwa.

"Miwani iko wapi?"

"Inanibana."

"Jana mbona haikukubana?"

"Jana ilikuwa jana, Bibi."

Asubuhi tumbo likamuuma. Siku ya pili likamuuma tena, na kengele ya shule ilipokwisha kulia, likapona. Tumbo linalojua ratiba ya shule si tumbo. Mama yake alipokwisha kutoka kwenda kazini, nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, nikabisha hodi kwa mlango wetu wa siku zote.

"Kitendawili."

Akavuta shuka mpaka masikioni.

"We mtoto, kitendawili! Nyumba yangu ina madirisha mawili, moja latazama barabarani, moja latazama uani."

Hicho ni chetu wawili tu, na jibu lake ni sisi wenyewe. Siku zote hukijibu kabla sijamaliza, huku anacheka.

"Hicho usinitegee tena," akasema.

"Kwa nini?"

Akageukia ukuta. "Wananiita Njiapanda."

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha, nikampiga kofi la mgongoni. "Njiapanda! Kumbe wamekupa cheo, na wewe unalia? Ningekuwa mimi ningelala na miwani usoni!"

Akageuka akanitazama kama mtu anavyomtazama mwendawazimu wa sokoni. Hata lile jicho la kushoto, ambalo kwa kawaida halinijali, siku hiyo lilikuja kunitazama.

Inabidi nieleze kicheko changu kabla hamjanihukumu.

Mimi nililelewa na dada yangu mkubwa, na yeye alikuwa mshoni katika karakana ya sare. Chumba cha mbele kilikuwa cha vyerehani, humo hata ukipiga kelele husikiki. Chumba cha nyuma kilikuwa cha pindo na vifungo, kazi ya sindano na mkono, na kwa kuwa kulikuwa kimya wanawake wa humo walikuwa na utaratibu wao: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamshonea fungu lake la kazi. Msomaji alikuwa dada yangu. Msimamizi aliwaachia, maana mwanamke anayesikiliza hadithi hainuki kila mara kwenda kunywa maji. Nikitoka shule nilikaa chini ya meza ya kukatia, kazi yangu kutunga uzi kwenye sindano za watu na kuokota vipande vya vitambaa.

Walisoma chochote kilichopatikana, hata magazeti yaliyofungiwa vifungo. Lakini vipenzi vyao, na vyangu, vilikuwa vitabu sita vya Nchi ya Mwangwi. Pacha wawili, kaka na dada, wanapiga kelele ndani ya handaki la reli; mwangwi unawajibu kwa maneno ambayo wao hawakuyasema; wanaufuata, wanatokea nchi nyingine. Huko kuna farasi wa jiwe, akilia anatoa mchanga badala ya machozi. Na katika kitabu cha tatu wapo Wanjiapanda. Hao ni watu wa mpakani, ambao macho yao hutazama njia mbili. Jicho moja linaiona Nchi ya Mwangwi, jicho la pili linaona huku kwetu, kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni wao pekee duniani wanaoweza kuupata mlango. Pacha wanapopotea, ni Wanjiapanda wanaowasha taa zao na kuwavusha daraja mpaka nyumbani.

Shuleni mimi nilikuwa naitwa Saa Mbovu, kwa kuwa mishale yangu haikukubaliana. Chini ya meza ya kukatia nilikuwa Mnjiapanda. Basi niliishi huko. Nilitembea kichwa juu maisha yangu yote. Marehemu mume wangu aliponiposa nilimwambia, nikimtazama yeye na dirisha kwa pamoja, "Ujue mimi naona pande mbili, usije ukajaribu." Hakujaribu.

Ndiyo sababu mwalimu wa Kibiriti alipowaomba wazazi walete vitabu vya kabati la darasa, nilizunguka kwa wauza vitabu vya mitumba mpaka vikapatikana vyote sita, majalada yale yale. Nikavipeleka kwa mkono wangu. Nikamwambia mwalimu, "Wasomee hivi, mwanangu. Hivi ndivyo vilivyonilea." Wala sikuvifungua. Mtu unafungua sufuria ya chakula ulichokipika mwenyewe kutazama kama ndicho?

Sasa Kibiriti akaniuliza, "Bibi, wewe kitabu cha tatu umekisoma?"

"Kabla mama yako hajazaliwa."

Akaingiza mkono chini ya godoro, akakitoa. Alikuwa amekibeba kutoka shuleni ndani ya begi, bila ruhusa. Akafungua palipokunjwa. "Soma hapa."

Nikavaa miwani yangu. Nikasoma.

*Wanjiapanda hutambulika kwa macho. Jicho moja humtazama bwana wao, na la pili hutazama mfuko wake, wala hakuna dawa ya damu ya namna hiyo. Hata watoto wao huwa wasaliti kabla hawajaota meno.*

Nikageuza jalada nione kama si kitabu kingine. Ni hicho hicho. Nikageuza kurasa. Wanjiapanda wanamuuza mtoto wa mfalme kwa mfuko wa chumvi. Wanjiapanda wanacheka na jicho moja na kulia na jicho moja. Mwisho askari wa mfalme wanawasukumia wote kwenye kinamasi, na wanawake, na wachanga, na wale pacha niliowapenda wako juu ya ukuta wanapiga makofi. *Matope yakaifunga midomo yao, na nchi ikapumua.* Hakuna taa. Hakuna daraja hata la mti mmoja.

Nimekasirika mara nyingi katika umri wangu, nimemkasirikia mwenye nyumba, nimewakasirikia ndugu wa mume siku ya msiba, lakini sikuwahi kukikasirikia kitu kisichopumua. Siku hiyo nilikikasirikia kile kitabu nikatamani kingekuwa na mashavu.

"Walisoma lini haya?"

"Siku niliyokwenda kliniki. Niliporudi nikakuta jina linanisubiri."

Nikampigia simu mama yake kazini. Akanisikiliza huku ninasikia watu wakimsemesha upande wa pili.

"Mama, ni kitabu tu. Watoto hutaniana. Baada ya wiki watakuwa wamesahau."

"Kitabu tu! Basi na nyoka ni kamba tu!"

"Mama, niko kazini."

"Na mwanao yuko kitandani, uso ukutani!" Nikakata simu. Kisha nikavaa viatu nikaenda kwa dada yangu.

Dada yangu sasa anaishi chumba cha chini nyuma ya kituo cha mafuta. Miguu haimpeleki tena mbali. Nilimkuta anapinda shuka ambayo wala haikuhitaji kupindwa. Ile mikono haijui kustaafu.

"Umeingia na viatu," akasema bila kuinua kichwa.

"Viatu vitatoka nikijibiwa."

"Ala! Hakimu ameingia. Tusimame?"

Nikakibwaga kitabu mapajani mwake. "Daraja liko wapi?"

Akalitazama jalada. Hakujifanya hajui, hilo nampa. Akaitoa sindano mdomoni, akaichomeka kifuani mwa gauni. "Umekisoma."

"Nimekisoma! Nimezaa, nimezika mume, nimeota mvi mpaka kwenye nyusi, ndipo leo nakuja kukisoma! Daraja liko wapi, Dada? Taa ziko wapi?"

"Hazimo."

"Naona kwamba hazimo!"

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, miguu ni yako." Akakunja ile shuka polepole, kama anayetafuta pa kuanzia. "Sikiliza. Mtu akisoma kwa sauti, jicho humtangulia mdomo. Mdomo bado uko huku, jicho limeshafika kule. Siku ile jicho langu lilifika pale kwenye damu na mfuko, mdomo ulikuwa bado unasema hutambulika kwa macho. Na wewe ulipolisikia hilo neno macho, ulitoka chini ya meza. Ukanikodolea. Moja kwangu, moja mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Nikasema jicho moja linaona kule, la pili linaona huku. Nilipokwisha kusema hivyo, ikabidi niendelee kusema hivyo mpaka mwisho wa kitabu."

"Yote hayo uliyatunga peke yako?"

Hapo akacheka mpaka akakohoa. "Peke yangu nitaweza wapi? Mimi nina akili ya pindo, inakwenda mbele moja kwa moja. Taa ni za Mama Vifungo. Tulipokuwa tunakunywa chai akaniambia, 'Hao watu wako wanatembeaje gizani? Wape taa.' Daraja alilileta mpiga pasi. Na siku nilizougua kifua, Mama Vifungo ndiye aliyesoma. Nikamwonya, kuna pahali utafika, usipasome kama palivyo. Akanijibu, 'Nimeshapaona. Unadhani mimi kipofu?'"

"Kwa hiyo chumba kizima kilijua."

"Kizima."

"Isipokuwa mimi."

"Ungejua, dawa ingefanya kazi?"

Sikujua nimkumbatie au nimrushie kitabu. Wanawake wale wengi wao wamekwisha kufa, siwezi hata kuwauliza. Nilijiona nimekaa chini ya ile meza, wao juu yangu wanashona na kupeana macho, kila siku, na mimi nameza kila neno.

"Mlinifanya mjinga," nikasema.

"Tulikufanya mtu wa kutembea kichwa juu. Mjinga umejifanya mwenyewe, ulipokwenda kuwapa watoto wa watu kitabu usichokifungua."

"Nilikuwa nakijua!"

"Ulikuwa umekisikia."

Nikakichukua kitabu changu. Nilipofika mlangoni nikasimama, na sikupenda sauti yangu ilivyotoka. "Na farasi wa jiwe? Naye ni wenu?"

"Farasi ni wake," akasema dada yangu. "Farasi hatukumgusa."

Nikapita shuleni, langoni tu, nikamwomba mlinzi aniletee vile vitano vilivyobaki. Nikavisoma vyote, kimoja baada ya kingine, jikoni, nimesimama, maana nikikaa hasira hulala. Na hapa niseme kweli, maana mtu mzima hasemi uongo hata kwa adui: mwandishi yule alijua kuandika. Farasi yupo. Anavyolia ule mchanga, na mchanga unavyojaa mpaka kwenye magoti yake, niliacha sufuria ikaungua. Laiti angekuwa mwandishi mbovu! Mtu mbovu akikutukana unamwacha aende na upepo. Huyu alikaa, akachagua maneno, akayapanga, akayapiga pasi, na kwa maneno hayo hayo mazuri akawatia wachanga matopeni. Nikaona na mengine niliyokuwa siyaoni chini ya meza. Mpishi anayewalisha wale pacha vitabu vitatu mfululizo hana hata jina. Mfalme hakosei hata siku moja. Watu wanaofanya kazi wanatokea wakiwa na sinia, wanaondoka wakiwa na sinia. Chumba kizima cha wapinda sare kilisomewa hayo, mchana wote, wakashona, wakavumilia. Walichokataa ni kile kimoja kilichonihusu mimi.

Jioni ya kesho yake nikamweleza Kibiriti yote. Nilimweleza vizuri, na taa, na daraja, na Mama Vifungo. Nilitegemea awake.

"Kwa hiyo Bibi Mkubwa alidanganya," akasema.

"Alirekebisha."

"Kwenye kitabu kipo?"

"Kwenye kitabu hakipo, lakini..."

"Basi wenzangu hawatakubali. Wao kitabu wamekisikia chenyewe. Wewe ulikuwa huna kitabu, Bibi. Ulikuwa na Bibi Mkubwa."

Nimetega vitendawili tangu sijui lini, nimewashinda wazee na vijana, lakini hapo nilimpa mji.

"Vizuri," nikasema. "Vyote viko hapa. Nitavitia moto, kimoja kimoja, na nitaanza na cha tatu."

"Bibi! Ukivichoma nitaitwaje? Njiapanda aliyetunyang'anya vitabu! Wako kitabu cha tatu, wanataka cha nne."

"Wanataka! Na wewe unataka nini?"

Akafikiri. Mtoto huyu akifikiri huuma ndani ya shavu. "Walisoma nikiwa sipo. Nataka wasome nikiwepo. Ukurasa ule ule."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo nitajua kama tumbo linauma."

Asubuhi tukaenda, vitabu vyote sita ndani ya kikapu changu. Mwalimu alitukuta barazani mwa darasa. Ni msichana mwenye adabu, chaki imemtapakaa mpaka kwenye kiwiko, na darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Uliwasomea watoto habari za Wanjiapanda mjukuu wangu akiwa hayupo."

"Ndiyo, Bibi. Nilisubiri siku anayokwenda kliniki. Makusudi. Sikutaka aumie."

"Kumbe ulijua kwamba inaumiza."

Akaanza kupangusa chaki kwenye kiwiko.

"Ulijua inaumiza," nikasema, na sauti ilikuwa imeanza kupanda, walimu wa madarasa mengine wakachungulia, "ukawagawia wengine wote, wakaja kumpa yeye mmoja mmoja!"

"Bibi, ni kitabu cha zamani. Nyakati zile watu waliandika hivyo, hawakujua. Inabidi tukisome kwa macho ya nyakati zile."

"Nyakati zile mimi nilikuwepo, mwanangu! Na macho ya nyakati zile ni haya hapa." Nikamfumbulia yote mawili, kila moja kwa njia yake. "Usinisimulie nyakati zile kama nchi ya mbali. Wanawake wa kushona vifungo waliusoma ukurasa huo nyakati hizo hizo, na ubaya wake waliujua kabla sentensi haijaisha. Yeye aliyekuwa na muda wa kukaa na kalamu, akafuta, akaandika upya, ndiye asijue?"

Nilidhani atainama. Hakuinama.

"Na wewe, Bibi," akasema, na yeye macho yalikuwa yamewaka, "ulivileta mwenyewe. Ulisimama hapa hapa ukaniambia vimekulea. Mimi ningekushukuje? Nilipofika kitabu cha tatu nilishangaa. Nikajiuliza, huyu bibi amenipa hiki na mjukuu wake yumo darasani? Nikadhani labda mmezoea."

Nimepigwa maneno mengi, lakini hilo la kuzoea lilinikaa.

"Hatukuzoea," nikasema. "Ila hapo umenipata. Tumekosa wawili. Lakini asiyekuja shule ni mmoja."

"Unataka niviondoe?"

"Mimi ndiyo. Yeye hataki."

Kibiriti akaitoa miwani kwenye soksi, akaifuta kwa sketi, akaivaa. "Mwalimu, naomba uusome tena ukurasa ule. Nikiwepo."

"Mwanangu, si lazima kabisa. Tunaweza kuzungumza tu kwamba—"

"Wote wameusikia. Mimi peke yangu ndiye niliyeusoma chini ya godoro."

Tukaingia. Watoto wakasimama wakaamkia kwa ule wimbo wao wa pamoja, wakaketi. Nikapewa kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni, nikakaa mbele kabisa ubavuni mwa ubao. Wote waliniangalia usoni, kisha wakamwangalia Kibiriti, kisha mimi tena. Naam, nikawaza, tazameni, tuko jozi. Kibiriti akaenda mahali pake, kando ya msichana mwenye nywele za mabutu, na alivyomkalia upande nikajua huyo ndiye aliyelianzisha jina.

Mwalimu akawaambia, "Leo tutarudia ukurasa mmoja wa kitabu cha tatu. Mwenzenu ameomba." Akafungua. Akasafisha koo. "Wanjiapanda hutambulika kwa macho. Jicho moja humtazama bwana wao, na la pili hutazama mfuko wake." Akatua kidogo. "Mtoto wa mfalme alipofika kwenye kambi yao, jua lilikuwa—"

"Mwalimu," akasema Kibiriti. "Umeruka."

Darasa zima likageuka.

"Nimeruka kidogo tu, mwanangu."

"Kuna damu na kuna watoto. Umeviruka vyote viwili."

Mwalimu akanitazama, kama anayeomba nimwokoe. Mimi, ambaye kama ningeachiwa ningekimeza kitabu kile kurasa zote asiusikie mstari huo, nilikishika kikalio cha kiti kwa mikono miwili nikanyamaza. Kila mfupa wangu ulitaka kusimama. Ningesimama ningemwambia nini? Kwamba kuna daraja?

Mwalimu akausoma. Aliusoma wote, kwa sauti kavu, bila kumwangalia mtu. Wala hakuna dawa ya damu ya namna hiyo. Hata watoto wao huwa wasaliti kabla hawajaota meno.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alikuwa anagonga dawati kwa rula, akaacha.

"Kwani wale watoto walifanya nini?" mtoto mmoja akauliza.

"Watoto gani?"

"Hao wasio na meno."

Mwalimu akatazama ukurasa kana kwamba huenda leo pameongezwa kitu. "Hakuandika," akasema.

Kibiriti akamgeukia msichana wa mabutu. Alisema polepole, na kwa kuwa alisema polepole wote tulisikia. "Ndiyo hiyo unayoniita."

"Mimi nilikuita kwa sababu ya macho tu!"

"Na yeye aliandika kwa sababu ya macho tu."

Msichana akavutavuta butu lake. Uso ulimvimba kama anayetaka kulia, na mimi bibi wa watu, mwenye huruma na watoto wote, sikumhurumia hata chembe. Hasira yangu ilikuwa bado inachemka, haikuwa na nafasi.

"Basi sikuiti," akasema yule msichana.

"Usiniite."

"Nimesema sikuiti."

"Nimesikia."

Wakakaa, kila mmoja akitazama mbele, dawati moja; mapatano yao hayana kukumbatiana wala kucheka, na labda ndiyo maana niliyaamini. Kibiriti akafungua begi, akatoa penseli, akaanza kuichonga. Mtoto anayeumwa tumbo hachongi penseli.

Mwalimu alikuwa bado ameshika kitabu. Nilimwona hajui akiweke wapi. "Vitabu hivi," akasema, akiyapima maneno, "bibi yenu amevileta, na bibi yenu anaweza kuviondoa. Mnasemaje?"

Kelele zikalipuka. Wapo waliosema viende, mwandishi ni mbaya. Wapo waliosema farasi je. Mmoja akasema tuchane ule ukurasa tu, mwingine akamwambia ukichana hata wa nyuma yake unaondoka. Ndipo Kibiriti akanyoosha mkono, penseli ikiwa vidoleni.

"Tusome cha nne. Nataka nione kama anajirekebisha. Na kila akifika pahali kama pale, tunasimama, mtu anauliza walifanya nini. Na mwalimu asiruke."

"Asiruke!" wakaitikia wachache.

Mwalimu akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshakisoma cha nne, na cha tano, na cha sita, nimesimama jikoni, nikitafuta kwa macho yote mawili neno moja la toba. Nikatikisa kichwa: hajirekebishi huyu, mwanangu, usimngoje.

Kibiriti aliniona.

"Bibi!" akapaza sauti, darasa zima likasikia. "Usitumalizie kitabu!"

Wakacheka. Hata mwalimu alicheka, mkono mdomoni. Mimi sikucheka. Nilitoa kitabu cha nne kikapuni, nikakiweka mezani kwake kwa kishindo mpaka chaki zikaruka, nikajinyanyua kutoka kwenye kile kiti kwa kushika ubao, na nikatoka nje bila kuaga.